Daftari lisilofutika: Mwananchi wa Gendabi anapaswa kujua nini kuhusu blokcheni?

Na Mwandishi Wetu

Jumapili ya Desemba 3, 2023, maji, mawe na tope viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuvamia mji wa Katesh, Gendabi, Jorodom na maeneo mengine ya Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, wengine wengi walijeruhiwa, na kaya nyingi zikabaki bila makazi. Serikali, taasisi na wananchi kutoka kila pembe ya nchi walijitokeza kutoa misaada, na baadaye waathirika walijengewa nyumba katika eneo la Waret.

Katika maafa ya namna hiyo kuna hasara nyingine ambayo huonekana polepole, baada ya maziko na baada ya tope kuzolewa. Nyumba inapobebwa na maji, haiondoki na mabati na magunia ya mahindi peke yake. Huondoka pia na vyeti vya kuzaliwa, hati ya shamba, kadi ya kliniki, kitabu cha hisa cha kikundi na daftari la madeni ya duka. Mwenye nyumba hubaki na haki yake, lakini hana cha kuonesha. Anapofika ofisini kueleza shida yake, jambo la kwanza kutafutwa ni kama kuna mtu au ofisi nyingine yenye nakala ya kumbukumbu ile.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maafa ya Hanang yanatukumbusha kwamba hata daftari lenyewe, likiwa moja tu na likiwa mahali pamoja, linaweza kupotea pamoja na mali. Teknolojia inayoitwa blokcheni, ambayo wananchi wengi huisikia ikitajwa redioni, katika simu na hata katika hotuba za viongozi, ilibuniwa kujibu tatizo hilo hilo: namna ya kutunza kumbukumbu ambayo haimtegemei mtunzaji mmoja, na ambayo hakuna mmoja anayeweza kuibadilisha kimya kimya. Makala haya yanaeleza teknolojia hiyo ni nini, inaweza nini, haiwezi nini, na kwa nini mkulima au mfugaji wa Gendabi anapaswa kuielewa kabla hajaombwa kuweka fedha zake humo.

Msimamo wa Serikali kwa miaka kadhaa

Ni vema kuanza na kumbukumbu za matamko ya Serikali, kwa kuwa baadhi yake yamekuwa yakinukuliwa nusu nusu.

Mwezi Novemba 2019, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa taarifa kwa umma ikieleza kwamba sarafu za mtandaoni hazikuwa zimeruhusiwa chini ya sheria na kanuni za nchi, na kuwaonya wananchi dhidi ya kuzinunua, kuziuza au kuzitangaza. Juni 13, 2021, akiwa Mwanza kuzindua jengo la tawi la Benki Kuu, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki hiyo kuanza kujiandaa kwa mabadiliko yanayoletwa na sarafu hizo na teknolojia ya blokcheni, ili nchi isije ikakutwa haijajipanga. Januari 2023, Benki Kuu ilieleza kuwa inaendelea na utafiti kuhusu uwezekano wa kuwa na shilingi ya kidijitali, na kwamba itakwenda hatua kwa hatua na kwa tahadhari. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 nayo iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo yatokanayo na kuhamisha au kubadilishana mali za kidijitali.

Wapo waliochukua hotuba ya mwaka 2021 wakadai kwamba Serikali imeruhusu kila sarafu ya mtandaoni. Wapo waliochukua kodi ya mwaka 2024 wakadai kwamba kutozwa kodi ni kuthibitishwa kuwa fedha halali. Tafsiri zote mbili si sahihi. Kujiandaa kwa jambo si sawa na kuliidhinisha, na kulitoza jambo kodi hakulifanyi kuwa fedha. Kwa mujibu wa sheria, fedha halali ya malipo nchini ni shilingi ya Tanzania, inayotolewa na Benki Kuu.

Aidha, mkanganyiko huo unatokana na kuchanganya vitu viwili: blokcheni, ambayo ni namna ya kutunza kumbukumbu, na sarafu ya mtandaoni, ambayo ni moja tu ya vitu vinavyoweza kuandikwa katika kumbukumbu hizo. Tofauti yake ni kama ya daftari na deni lililoandikwa ndani ya daftari. Mtu anaweza kulisifu daftari kwa uimara wake bila kukubali kila deni lililoandikwa humo.

Sanduku lenye kufuli tatu

Wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa tayari wanaifahamu sehemu kubwa ya blokcheni, ingawa hawakuwahi kuiita hivyo.

Katika vikundi vingi vya aina hiyo nchini, fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti ambao si mweka hazina. Sanduku haliwezi kufunguliwa mpaka wote watatu wawepo. Kila mwanachama ana kitabu chake cha hisa kinachogongwa muhuri mbele ya wenzake. Mwisho wa mkutano, fedha huhesabiwa hadharani na jumla hutamkwa kwa sauti ili kila mmoja aikariri. Mkutano unaofuata hufunguliwa kwa kuulizwa: tuliacha kiasi gani? Wanachama hujibu, kisha fedha huhesabiwa tena. Kama wiki iliyopita kikundi cha watu 25 kiliacha shilingi 150,000, katibu hawezi kuja na daftari linalosomeka 130,000. Vichwa 25 vitamkanusha.

Nguvu ya utaratibu huo haitoki kwenye ubora wa kufuli. Inatoka kwenye mambo matatu. Kwanza, kumbukumbu iko kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Pili, hakuna jambo linaloandikwa bila wengine kulishuhudia na kulikubali. Tatu, kila mkutano huanzia pale ulipoishia mkutano uliopita, hivyo ya leo yamefungwa na ya jana. Blokcheni ni mambo hayo hayo matatu, yakifanywa na kompyuta zilizounganishwa kwa intaneti, kwa watu ambao huenda hawajawahi kuonana wala hawana sababu ya kuaminiana.

Ukurasa uliofungwa na ukurasa

Jina lenyewe linaeleza kazi. Kumbukumbu hukusanywa katika mafungu yanayoitwa bloku, na bloku hizo huunganishwa kama pingu za mnyororo. Tuziite kurasa za daftari. Ukurasa ukijaa, hufungwa na mwingine hufunguliwa.

Mtunza hesabu yeyote anajua desturi ya kuandika juu ya ukurasa mpya jumla iliyoletwa kutoka ukurasa uliopita. Mtu akibadilisha tarakimu katika ukurasa wa nne, jumla yake haitalingana tena na ile iliyoandikwa juu ya ukurasa wa tano, na udanganyifu utaonekana. Hata hivyo, desturi hiyo ina udhaifu. Mjanja anaweza kumpunguzia mwanachama mmoja shilingi 10,000 na kumwongezea mwingine kiasi hicho hicho, na jumla ikabaki ile ile.

Blokcheni huziba mwanya huo. Badala ya kuhamisha jumla peke yake, kompyuta hupitisha ukurasa mzima, kila herufi, kila tarakimu na kila nafasi, katika kanuni ya hisabati inayotoa alama fupi ya utambulisho. Katika mfumo wa Bitcoin alama hiyo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Tunaweza kuiita alama ya dole gumba ya ukurasa. Ukibadilisha koma moja tu, alama yote inabadilika na kuwa nyingine kabisa. Tena, mtu hawezi kuanza na alama akarudi kuutambua ukurasa, kama vile huwezi kuitazama alama ya dole gumba kwenye karatasi ukamjua sura mwenye kidole.

Alama ya ukurasa wa nne huandikwa ndani ya ukurasa wa tano, ya ukurasa wa tano ndani ya ule wa sita, na kuendelea. Anayetaka kughushi ukurasa wa nne atalazimika kuandika upya kurasa zote zilizofuata. Na kwa kuwa nakala za daftari ziko katika kompyuta nyingi, atalazimika kufanya hivyo kwa wakati mmoja katika sehemu kubwa ya mtandao mzima.

Wazo hilo si geni sana. Mwaka 1991 wanasayansi wawili nchini Marekani, Stuart Haber na Scott Stornetta, walichapisha pendekezo la kufunga nyaraka za kompyuta kwa mnyororo wa alama ili mtu asiweze kuzirudisha nyuma tarehe. Kuanzia mwaka 1995, kampuni waliyoianzisha ilichapisha alama hizo kila wiki katika matangazo madogo ya gazeti la The New York Times. Kwa kuwa gazeti lilisambaa kwa maelfu ya nakala, hakuna ambaye angeweza kuibadilisha alama iliyokwisha kuchapwa. Oktoba 31, 2008, mtu au kikundi kilichojificha kwa jina la Satoshi Nakamoto kilitoa andiko lililotumia wazo hilo kuunda Bitcoin, na mtandao wake ukaanza kufanya kazi Januari 2009.

Nani anaruhusiwa kuandika?

Katika kikundi cha kijiji, anayeandika ni katibu, naye alichaguliwa. Katika daftari la kompyuta za dunia nzima, nani awe katibu?

Zipo njia mbili kuu. Ya kwanza ni daftari la wazi, ambalo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kujiunga nalo. Bitcoin ni la namna hiyo. Kwa kuwa wahusika hawajuani, kompyuta zao hushindana kutafuta jibu la fumbo la hisabati, na mshindi hupewa haki ya kuongeza ukurasa mpya, takriban kila baada ya dakika kumi. Mashindano hayo hufanya udanganyifu uwe ghali, lakini pia hutumia umeme mwingi mno. Baadhi ya mifumo imeyaacha. Mtandao wa Ethereum, kwa mfano, ulibadili utaratibu wake Septemba 2022 na kupunguza matumizi yake ya umeme kwa zaidi ya asilimia 99.

Ya pili ni daftari la wanaofahamiana, ambalo linaendeshwa na taasisi zilizokubaliana. Halmashauri, wizara, benki na chama cha ushirika, kwa mfano, zinaweza kila moja kushika nakala, na ukurasa usikubaliwe mpaka wengi wao wauthibitishe. Hapa hakuna fumbo la kushindania wala umeme wa kupoteza. Inapozungumzwa blokcheni kwa shughuli za umma, mara nyingi inayokusudiwa ni hii ya pili, na haihitaji sarafu yoyote ya mtandaoni.

Ilikofanya kazi

Mfano ulio karibu zaidi na yaliyotokea Hanang ni wa misaada. Mwaka 2017, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutumia daftari la blokcheni katika kambi ya wakimbizi ya Azraq nchini Yordani. Mkimbizi aliyefika dukani alitambuliwa kwa mboni ya jicho, akachukua mahitaji yake, na kiasi alichotumia kikaandikwa katika daftari hilo. Shirika lililipa maduka kwa jumla badala ya kupitisha kila malipo benki, hivyo likapunguza gharama za miamala. Baadaye mfumo huo uliwezesha mashirika zaidi ya moja kuona kumbukumbu zile zile, ili kaya moja isipewe msaada mara mbili huku nyingine ikikosa.

Mfano wa pili ni wa ardhi. Nchi ya Georgia, iliyo katika milima ya Kaukasi, ilianza mwaka 2016 mradi wa kuweka alama za hati za ardhi katika blokcheni. Zilizowekwa ni alama za utambulisho, hati zenyewe zikabaki katika masjala ya Serikali. Mwenye hati anaweza kuthibitisha kwamba waraka alionao ndio uliosajiliwa, na kwamba haujaguswa. La kuzingatia ni kwamba Georgia ilikuwa imekwisha kuisafisha masjala yake, kupambana na rushwa na kuingiza kumbukumbu zake katika kompyuta kabla ya mradi huo. Blokcheni ilikuja kama kufuli juu ya nyumba iliyokwisha kujengwa.

Isichoweza kufanya

Hapa ndipo penye jambo ambalo mwananchi anapaswa kulishika kuliko yote. Blokcheni hulinda kilichoandikwa. Haina uwezo wa kujua kama kilichoandikwa ni kweli.

Tuchukue ruzuku ya mbolea, ambayo Serikali iliianzisha msimu wa 2022/2023 kwa kuwasajili wakulima na kuingiza taarifa zao katika mfumo wa kidijitali. Usajili huanzia kijijini, kwa kuandikwa jina, eneo la shamba na aina ya zao. Kama mwenye ekari mbili ameandikwa ekari kumi, kosa limefanyika kwa kalamu, kabla kompyuta yoyote haijahusika. Kumbukumbu hiyo ikiingizwa katika blokcheni, uongo ule utalindwa kwa uimara ule ule ambao ungeulinda ukweli. Utanakiliwa katika kompyuta zote, utafungwa kwa alama, na itakuwa vigumu zaidi kuutoa.

Ndivyo ilivyo pia kwa mizani. Katika mfumo wa stakabadhi za ghala, uliowekwa kwa Sheria ya mwaka 2005, mkulima wa mbaazi, ufuta au korosho hupeleka mazao ghalani, hupimiwa, na hupewa stakabadhi inayoonesha uzito na daraja. Stakabadhi hiyo ikitunzwa katika blokcheni, hakuna atakayeweza kupunguza kilo baada ya kuandikwa. Lakini kama mizani ilichezewa, au gunia la kilo 100 liliandikwa kilo 92 mbele ya mkulima asiyesoma tarakimu, daftari litatunza kilo 92 milele.

Historia ya Hanang yenyewe ina funzo zito katika jambo hili. Katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba makubwa ya ngano ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, yaliyoendelezwa kwa msaada wa Kanada, yalienea katika nyanda ambazo wafugaji Wabarabaig walikuwa wakizitumia kwa malisho. Wananchi wa kijiji cha Mulbadaw walifungua shauri, na Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Baadaye Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba wadai hawakuthibitisha kwa ushahidi haki waliyoidai. Watu waliokuwa wakiijua ardhi kwa njia za mifugo, visima na makaburi ya wazee wao walijikuta wakidaiwa uthibitisho wa namna nyingine.

Je, blokcheni ingewasaidia? La. Hakuna teknolojia inayolinda kumbukumbu ambayo haijawahi kuandikwa. Kilichobadilisha hali ni sheria na kalamu: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliyatambua matumizi ya kimila, ikaweka hati ya hakimiliki ya kimila na kuagiza kuwepo kwa rejesta ya ardhi ya kijiji. Kwa kaya ya Gendabi, kupimiwa shamba na kupata hati hiyo leo kuna thamani kubwa kuliko kusubiri mfumo wowote wa kesho.

Yapo mapungufu mengine. Mtumiaji wa daftari la wazi hushika ufunguo wa siri, yaani mfululizo wa maneno au tarakimu unaomruhusu kutumia mali yake. Mwenye laini ya simu akisahau namba ya siri, huenda kwa mtoa huduma na kitambulisho chake, akasaidiwa. Aliyepoteza ufunguo wa blokcheni ya wazi hana ofisi ya kwenda. Fedha aliyoituma kwa makosa nayo hairudi, isipokuwa aliyeipokea akubali kuirudisha.

Vilevile, daftari lisilofutika linaweza kugongana na haki za mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwananchi haki ya kutaka taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Ndiyo maana mifumo iliyobuniwa kwa uangalifu, kama ule wa Georgia, haiweki majina na taarifa za watu katika blokcheni, bali alama tu.

Na si kila tatizo la kumbukumbu linahitaji dawa hii. Mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu, unaowezesha fedha kutoka mtandao mmoja wa simu kwenda mwingine au benki, unasimamiwa na taasisi moja inayotambulika kisheria. Panapokuwa na mtunzaji mmoja anayeaminika, anayekaguliwa na anayewajibika, kanzidata ya kawaida yenye nakala za akiba inatosha, tena kwa gharama ndogo. Hata kampuni kubwa zimejifunza hilo. Kampuni ya meli ya Maersk na kampuni ya kompyuta ya IBM zilizindua mwaka 2018 mfumo wa blokcheni wa kufuatilia makontena duniani, ulioitwa TradeLens. Mwishoni mwa mwaka 2022 zilitangaza kuufunga, kwa kuwa ushirikiano wa wadau wote waliohitajika haukupatikana. Teknolojia ilifanya kazi, lakini makubaliano ya watu hayakutosha.

Jina jipya la upatu wa zamani

Hatari iliyo karibu zaidi na mwananchi wa kawaida, hata hivyo, ni matapeli. Neno blokcheni ni geni, lina sauti ya kitaalamu, na wachache wanaweza kulihoji. Kwa sababu hiyo limekuwa vazi zuri la kumvisha upatu wa zamani.

Wengi wanakumbuka DECI, ambayo wananchi walihamasishwa kupanda mbegu ya fedha ili wavune maradufu, mpaka Serikali ilipoingilia kati mwaka 2009 na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Hapakuwa na kompyuta ya ajabu. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata, na waliofuata walipopungua, mavuno yakakoma. Leo hadithi ni ile ile, isipokuwa mbegu sasa inaitwa sarafu, shamba linaitwa jukwaa, na mavuno huoneshwa kama tarakimu zinazopanda katika simu.

Mwananchi anayeletewa habari hizo, iwe mnadani, kanisani, msikitini au katika kundi la simu, ajiulize maswali matano kabla ya kutoa fedha:

1. Faida inatoka wapi? Kama jibu ni kuingiza watu wapya, huo ni upatu, na upatu ni kosa la jinai.
2. Nimeahidiwa faida isiyobadilika kila siku au kila wiki? Hakuna biashara halali inayoweza kuahidi hivyo.
3. Taasisi hii ina leseni ya Benki Kuu au ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana? Leseni huthibitishwa kwa mamlaka yenyewe, si kwa picha ya cheti iliyotumwa na mhusika.
4. Naweza kutoa fedha zangu leo hii, bila kutakiwa kwanza kulipia ada nyingine?
5. Nani nitamshtaki, na katika ofisi gani, mambo yakiharibika?

Anayekosa jibu la moja kati ya maswali hayo abaki na fedha yake. Anayepokea ujumbe wa kitapeli katika simu anaweza kuutuma kwa Mamlaka ya Mawasiliano kupitia namba 15040, na aliyekwisha kutapeliwa atoe taarifa Polisi mapema.

Daftari la kwanza liko kijijini

Huenda siku moja hati za ardhi za Hanang, stakabadhi za mazao au orodha za misaada zitalindwa kwa teknolojia hii. Siku hiyo ikifika, mkazi wa Gendabi atakuwa na sababu ya kuifurahia: tope likibeba tena nyumba, halitabeba ushahidi wa haki yake. Lakini kinga kubwa ya hilo, yaani nakala zaidi ya moja mahali zaidi ya pamoja, haihitaji kusubiri. Hati ya shamba inaweza kutolewa nakala leo na kuwekwa kwa ndugu anayeishi mbali na mkondo wa mlima. Kikundi kinaweza kuhakikisha kila mwanachama anashika kitabu chake na kukariri jumla.

Kwa upande wa ukweli wa kinachoandikwa, hakuna kompyuta itakayotusaidia. Kazi hiyo ni ya watu. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao hupaswa kuitishwa angalau kila miezi mitatu, ndipo mapato na matumizi yanaposomwa na mwananchi anapoweza kuuliza. Kwenye mizani ndipo mkulima anapopaswa kusoma kilo kabla ya kupokea stakabadhi. Mbele ya afisa mtendaji ndipo anapopaswa kuhakikisha kwamba ekari zilizoandikwa ni zake, si pungufu wala zaidi.

Aliyezoea kujibu kwa sauti, tuliacha shilingi 150,000, tayari anafanya kazi ambayo kompyuta nyingi duniani zinalipiwa umeme kuifanya. Asikubali mtu yeyote amtishe kwa neno geni akaacha kuuliza jumla ni ngapi, imetoka wapi, na nani mwingine anayo nakala.